Chombo Kisichojua Kusema Labda

Kasulu, jioni kabla hujaondoka

Jenoveva mwanangu,

Salamu ya kukuuliza hali siiandiki, maana hali yako naijua: shavu la kushoto linakuuma na umenichukia. Umekwenda kulala kwa mwenzako Hepi, na kesho asubuhi mtapita hapa kuchukua mizigo, mpande gari la Kibondo, kisha mwende Mabamba kuwafungia watu kengele za wezi. Najua utaingia dukani bila kunitazama, utabeba masanduku yako na kutoka. Ndiyo maana naandika, kwa sababu karatasi hutaweza kuigeuzia mgongo.

Kofi nililokupiga leo mchana lilikuwa kosa, na nisamehe. Kile kisanduku chako nilichokivunja kwa nyundo hakikuwa kosa. Kingekuwepo cha pili juu ya meza ningekivunja nacho.

Mambo ya kuchemsha maji na kufunga chandarua sikuandikii, wewe si mtoto. Nakuandikia kwa ajili ya yale maneno yako. Nilikuuliza ukifunga king'ora kule mpakani, na mtu akapita alfajiri na jembe lake akienda kibarua, itakuwaje. Ukanijibu bila hata kuinua macho: "Mama, tulia, mzigo uko poa. Hata yule Mrundi wako angetulia asingepigwa. Alikimbia mwenyewe." Hepi akacheka. Hapo mkono wangu ukatangulia kichwa.

"Yule Mrundi wako." Na wewe ni nani, Jeni? Babu yako alivuka mpaka huo huo amembeba bibi yako mgongoni, na nusu ya maneno ya nyumba hii ni ya kwao. Cheti cha uraia tunacho kabatini, sawa, lakini cheti hakibadilishi damu. Habari ya huyo Mrundi, Nestori, umeisikia kwa mjomba wako Filibati, na mjomba wako huisimulia kama ajali. Haikuwa ajali. Leo nitakusimulia mimi niliyekuwa na nondo mkononi.

Wakati ule duka langu lilikuwa Kibondo, karibu na soko. Nilikuwa natengeneza redio, chaja za sola na amplifaya za makanisa. Mjomba wako alikuwa anakaa kijijini, kwenye njia ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, kabla kambi haijafungwa. Siku moja alinijia shati limejaa damu, nikadhani amechomwa kisu. Kumbe ilikuwa damu ya mbuzi. Wezi walikuwa wameingia bandani wakamchinja mbuzi jike mwenye mimba palepale, wakaondoka na nyama, wakaacha kichwa na kile kitoto ambacho hakijazaliwa, kimelala kwenye tope. Filibati alikuwa amekiokota na kukizika mwenyewe. Aliniambia, "Dada, nitengenezee kitu. Safari hii nataka nimshike mtu kwa mikono yangu."

Nikamtengenezea. Nilitengeneza kwa hasira, na hilo ndilo kosa la kwanza, kabla ya waya wowote.

Chuoni wamekufundisha opampu kwa hesabu. Mimi niliijua kwa kuunguza vidole. Ni kidude cheusi chenye miguu minane, na kina masikio mawili, la kujumlisha na la kutoa. Kinasikiliza tofauti kati ya sikio moja na jingine, basi, hakijui kitu kingine chochote duniani. Tofauti hiyo hata iwe ndogo kiasi gani, kinaikuza mara laki na zaidi. Usipokirudishia sehemu ya kile kinachotoa, ili kijisikie kinavyopiga kelele na kupunguza, kinabaki na maneno mawili tu: juu kabisa au chini kabisa. Hakijui kusema labda. Hakijui kusema ngoja kwanza nitazame.

Niliweka taa ndogo kwenye nguzo moja ya banda na jicho la mwanga kwenye nguzo ya pili. Mtu akipita katikati, mwanga unakatika, sikio moja la opampu linashuka, king'ora kinalia. King'ora chenyewe nilikitoa kwenye gari bovu, kina sauti ya kukupasua kichwa. Mezani pangu Kibondo kilifanya kazi vizuri mno. Nilipitisha mkono kikalia, nikautoa kikanyamaza. Nilijiona fundi.

Lakini mezani waya ni mfupi, betri imejaa, na chumba hakina ukungu. Kule kijijini nilivuta waya mrefu wa simu kutoka bandani mpaka kwenye betri chumbani kwa Filibati, mtupu, haujafunikwa, unaokota kila uchafu unaopita hewani. Pikipiki ikipita barabarani, waya unasikia. Pembeni ya miguu ya umeme ya opampu sikuweka kapasita ya kutuliza umeme hata moja, nikasema umeme ni wa betri, umetulia wenyewe. Ndani ya kile kidude mna opampu mbili, mimi nilitumia moja, ile ya pili nikaiacha miguu yake inaning'inia hewani, ikawa inatetemeka peke yake bila mtu kujua. Na rezista ya kurudisha, ile ya kutoka kwenye mguu wa kutolea kwenda kwenye sikio la kujumlisha, ambayo inakifanya kikishaamua kisigeuke kwa kila upepo, sikuiweka. Ni kitu kidogo kuliko punje ya mpunga. Niliona inanichelewesha.

Kuna jingine. Ile opampu niliyokuwa nayo haifiki chini kabisa hata ukiiambia ishuke. Inaishia juu kidogo ya sifuri, na hicho kidogo kilitosha kuiacha transista, ile swichi ya king'ora, wazi nusu. Kwa hiyo hata kikinyamaza hakikunyamaza. Usiku na mchana kilikuwa kinanguruma kule bandani, sauti ya chini, kama mbwa anayekutazama. Nilijua kinanguruma. Nikasema ni kawaida. Wiki nzima familia ya Filibati ililala na ule mngurumo masikioni, watoto wakawa wanaamka wanalia, na mjomba wako alianza kulala na panga chini ya mto. Majirani nao waliusikia. Kijiji kizima kilikuwa tayari kimeshakasirika kabla hata ya mwizi kutokea.

Sasa nikukumbushe desturi, maana nyinyi mmeanza kuisahau. Kwetu mtu akipiga yowe, kila mwenye nguvu anatoka na fimbo, na asiyetoka anatozwa faini. Lakini aliyepiga yowe lazima asimame katikati ya watu aseme ameona nini. Hata kama ni mwanamke amebakwa, hata kama ni mzee ameota ndoto mbaya, anasimama na kusema kwa mdomo wake, watu wanamtazama usoni, ndipo fimbo zinainuka au zinashuka. Nimeona kwa macho yangu mtu akiokolewa na hilo. Mama mmoja alipiga yowe, watu wakaja na mapanga, akaulizwa, akajikwaa kwenye maneno, ikajulikana ni ugomvi wa shamba. Watu wakarudi kulala wakimtukana.

Mimi nilitengeneza yowe lisilo na mtu.

Ilikuwa alfajiri, nimelala kwa Filibati kwa sababu nilikuwa nimekwenda kuwafundisha kubadilisha betri. Ukungu uliteremka ule wa huku kwetu, unaokula mpaka mti ulio mbele yako. Mwanga wa ile taa ukawa unafifia polepole, sikio la opampu linashuka polepole, mpaka likafika pale pale kwenye mpaka wa ndiyo na hapana. Basi kikaanza. King'ora kililia, kikakatika, kikalia, kikakatika, haraka haraka, kama kitu kinachochinjwa. Watu wakatoka nyumba zote. Nami nikatoka. Nilichukua nondo iliyobaki tuliposimika zile nguzo.

Nestori alikuwa anapita njiani, mbali na banda, upande wa pili wa mihogo. Alikuwa mkimbizi wa Mtendeli, ametoka kambini bila kibali kwenda kulima kibarua, maana posho ya chakula ilikuwa haiwatoshi. Mgongoni alikuwa na gunia lenye jembe ndani. Aliposikia kile kilio na kuona watu wanatoka na mapanga, alikimbia. Wewe ungefanya nini? Nijibu, Jeni. Huna kibali, uko nchi ya watu, kijiji kinakujia na chuma. Ungesimama?

Alianguka kwenye mihogo. Wa kwanza kumfikia nilikuwa mimi. Hakuna aliyeuliza nani ameona nini, na walikuwa na haki ya kutouliza, kwa sababu walijua chombo ni changu, na mimi mwenyewe nilikuwa mbele yao nakimbia. Nilisikia mtu nyuma yangu anasema, "Kengele ya Mama Jeni imemwona!" Nikampiga na nondo mdomoni. Taya lilivunjika, nililisikia mkononi kabla ya masikioni. Akajifunika uso, nikampiga juu ya vidole. Wengine wakafika. Fimbo, mateke, mawe. Jicho lake la kulia liliondoka kwa mkono wa mtu ambaye simjui mpaka leo, na sijui kama hakuwa mimi.

Kuna kitu mjomba wako hawezi kukusimulia kwa sababu king'ora kilikuwa kinalia naye hakukisikia. Nestori alikuwa analia, "Mumbabarire! Sindi igisuma! Sindi igisuma!" Nihurumieni, mimi si mwizi. Aliyasema kwa maneno ya bibi yako, kwa sauti ile ile ya bibi yako. Katika watu wote pale mimi nilikuwa wa kwanza kuelewa, nikaelewa kabla sijamaliza kuinua mkono. Nikaushusha vile vile. Kwa sababu kile kidude kilikuwa kinaendelea kulia, na mimi niliyekitengeneza nilikiamini kuliko mtu anayevuja damu miguuni pangu.

Kilichomwokoa si huruma ya mtu. Kijana mmoja alijikwaa kwenye waya, ukachomoka kwenye betri. Kukawa kimya. Jeni, sijawahi kusikia kimya kama kile. Katika kile kimya kila mtu akamsikia, na aliyekuwa ameinua jiwe akabaki nalo juu. Filibati akalifungua gunia akatoa jembe. Akaenda bandani. Akarudi akasema kwa sauti ndogo, "Mbuzi wote wapo."

Basi watu wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu akakumbuka shamba lake. Tulibaki mimi na mjomba wako tukamfunga taya kwa kitenge changu, tukampakia kwenye pikipiki katikati yetu, damu yake ikiniingia kifuani mpaka hospitali ya kambi. Tulisema tumemkuta njiani. Wakaandika hivyo hivyo.

Baadaye nilikileta kile kidude dukani nikakifungua. Sikuwa natafuta kujitetea, nilitaka nijue ni nini kilichomvunja yule mtu. Ndipo nikaona moja baada ya jingine haya niliyokuandikia. Niliweka kapasita karibu kabisa na miguu ya umeme, mtetemo ukapungua. Ile opampu ya pili nikaifunga, mguu wake wa kutolea nikaurudisha kwenye sikio lake la kutoa, na sikio la kujumlisha nikalipa nusu ya volti za betri, ikatulia. Nikabadilisha na aina inayofika mpaka karibu na sifuri, mngurumo ukafa. Nikaweka rezista ya kurudisha, kigugumizi kikaisha. Nilikaa nikifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilikuwa nalia, machozi yakidondokea risasi ya moto ya kulehemia mpaka inaruka.

Halafu nikachemsha maji, nikashika sufuria ili mvuke upite kati ya taa na jicho. Mwanga ukafifia polepole. Nikasubiri. Na kile chombo changu kizuri, kilichokamilika, kikalia. Safari hii kililia mara moja tu, kwa sauti moja safi, bila kigugumizi.

Umenielewa? Rezista inazuia kutetemeka, haizuii kukosea. Unaweza kuifanya taa iwe inawaka na kuzima haraka haraka na jicho lisikilize mwako huo tu, ukungu ukasumbua kidogo zaidi. Fanya hivyo, ni vizuri. Lakini hata siku utakapopata opampu isiyo na kasoro hata moja, itakwambia mwanga umekatika. Haitakwambia ni mwizi au ni mtu wa kibarua, au ni mama anayekimbiza mtoto mwenye homa. Hilo neno mwizi halimo kwenye ile miguu minane. Tunaliongeza sisi.

Leo mchana nilifungua kisanduku chako nikitaka kukusifia. Nikaona lehemu safi, kuliko zangu. Nikaona umeweka kapasita, nikafurahi. Kisha nikatafuta rezista ya kurudisha, haipo. Nikatazama opampu ya pili, miguu inaning'inia. Na juu yake umefunga king'ora kikubwa kuliko kile changu. Nikakuuliza kwa upole, unakumbuka, nilianza kwa upole. Ukasema wateja wa Mabamba wanataka kelele, bila kelele hawanunui. Ni kweli. Filibati naye alitaka kelele. Kisha ukasema lile neno la kukimbia, nami nikakupiga bila kukuuliza kama ulimaanisha. Ona basi, miaka yote hii, na mkono wangu mwenyewe bado haujawekewa rezista. Nilipoona alama ya vidole kwenye shavu lako nikashika nyundo, kwa sababu ilikuwa lazima kitu kingine kipigwe badala yako.

Sitaki uache kazi hii. Watu wa mpakani wanaibiwa kweli, wanakatwa mapanga kweli, na wana haki ya kulala. Nenda. Ila kengele ilie chumbani kwa mwenye mbuzi, pembeni ya kitanda chake, sauti ndogo na taa nyekundu. Aamke yeye. Achukue tochi, atoke, atazame kwa macho yake. Akiona mwizi, apige yowe kwa koo lake, halafu asimame katikati ya watu aseme ameona nini. Hiyo ndiyo sehemu ya kurudisha ambayo hakuna duka linaloiuza. Akikataa kununua kwa sababu haina kelele, mwache asinunue.

Baada ya kurudi Kibondo sikukaa. Wateja walikuwa wanakuja kuniagiza kengele, Jeni. Habari ilikuwa imeenea kwamba chombo changu kinakamata. Ndipo nikafunga duka tukahamia Kasulu, na wewe ulinuna kwa sababu ya marafiki zako, ukaniuliza kwa nini, nikakwambia biashara.

Kabla ya kuhama nilikwenda kumwona Nestori kambini. Alikuwa amekaa nje, taya limefungwa waya, jicho limefunikwa pamba. Alinijua. Nilidhani atapiga kelele watu waje, na nilikuwa nimeshaamua kwamba wakija sitakimbia. Hakupiga kelele. Alinisogezea kigoda. Nikamwambia kengele ile nimeitengeneza mimi, na nondo ilikuwa mkononi mwangu. Akatikisa kichwa kwamba anajua. Kisha akasema, kwa shida, mate na damu vikimtoka, "Mama, nilipokuwa mtoto niliiba mahindi ya jirani. Mara moja tu. Tangu mliponipiga najiuliza ni hayo mahindi au ni kosa gani. Ile kengele ilinijuaje?"

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anauliza kweli. Nilimvunja taya, akapoteza jicho, na bado alikuwa amekaa pale anatafuta ndani yake kosa ambalo chombo changu kimeliona. Nilifungua mdomo nimweleze habari za ukungu na waya mrefu, nikashindwa, nikaondoka kama mwizi. Niliporudi mara nyingine kambi ilikuwa inafungwa, watu wanapandishwa kwenye magari, wengine kwenda kambi nyingine, wengine kurudi kwao. Nilizunguka nikilitaja jina lake mpaka gari la mwisho. Alikwenda na swali lake.

Jeni, visanduku vyako vilivyobaki nimevifunga vizuri kwenye boksi, pamoja na pakiti ya rezista na taa ndogo nyekundu. Ving'ora vyote nimevitoa. Vimo kwenye kabati la vipuri, na ufunguo nimeufunga kwenye rozari yangu, hapa shingoni. Sitakuzuia, na mkono wangu hautainuka tena juu yako. Ukivitaka, njoo asubuhi uuvute uuchukue. Ila kabla hujaugusa, nitazame usoni unijibu mimi kile nilichoshindwa kumjibu yule mtu: ile kengele ilimjuaje Nestori?

Mimi mama yako